Kuhusu treni ya Nachingwea

Mkuu ulieuliza kama kweli Nachingwea ilikuwa na stesheni au babu yako anatunga stori, babu yuko sahihi kabisa. Ile reli ya Kusini ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, mashamba makubwa yalikuwa Kongwa, Urambo na huko Nachingwea, sasa karanga zingefikaje baharini, ndo wakajenga reli kwanza kutokea upande wa Lindi pale Mkwaya halafu baadae ikafika Mtwara kwenye bandari mpya ya kina kirefu. Shida ni kwamba mradi ulikufa 1951 hata reli haijafika Mtwara! Matrekta yalishindwa na visiki, mvua ikagoma, kwahiyo treni ikabaki na mzigo kidogo sana, ikajikongoja mpaka 1962 ikafungwa na reli zenyewe zikang'olewa. Inaniuma kwa kweli, maana korosho za kusini kwa miaka mingi zimekula vumbi na matope kwenye malori. Mkae babu chini umrekodi kabisa, watu waliopanda ile treni wamebaki wachache sana.