Kwa mnaoanza kuhudumia wagonjwa wa sonona

Mgonjwa akishaambiwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression), atauliza imetoka wapi. Hapo ndipo wahudumu wapya wengi huteleza, kwa kuwa wametoka darasani na jibu moja fupi: serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, imepungua. Nimeona jibu hilo likitolewa kwa uhakika mkubwa kwa miaka mingi, kisha likaanza kutiliwa shaka na watafiti wenyewe. Ndiyo maana nawasihi msome historia ya ugonjwa huu mapema, sambamba na dozi. Utaona kwamba mara nyingi tiba ilipatikana kwanza, maelezo yakaja baadaye, na mara kadhaa maelezo hayo yalikuwa na kasoro.

Wagiriki wa kale waliofuata mafundisho ya Hippocrates walisema nyongo nyeusi imezidi mwilini, wakawatoa wagonjwa damu na kuwaharisha. Chanzo walikikosea, lakini dalili waliziona vizuri: hofu na huzuni isiyoondoka. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliifananisha hali hii na msiba, akisema hasira ya mtu humgeukia yeye mwenyewe.

Angalia sasa tiba ya umeme, yaani kupitisha umeme kichwani ili kuleta degedege fupi. Ilianzishwa Roma mwaka 1938 na madaktari Cerletti na Bini, wakijenga juu ya dhana kwamba kifafa na skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) havikai pamoja katika mwili mmoja. Dhana hiyo haikusimama. Tiba ilisimama, na waliofaidika zaidi wakawa wagonjwa wa sonona kali. Siku za mwanzo ilitolewa bila nusukaputi, watu wakavunjika mifupa, na hofu ya wakati ule ingali hai kwenye familia nyingi. Leo mgonjwa hulazwa usingizi na misuli yake hulegezwa kwa dawa. Kwa mtu aliyeacha kula na kunywa kwa sababu ya sonona, sijui tiba nyingine ninayoiamini kuliko hiyo. Msiidharau kwa sababu ya sinema.

Dawa nazo zilikuja kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1952, katika hospitali moja ya kifua kikuu huko New York, wagonjwa waliopewa iproniazidi, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kwa kifua kikuu, walichangamka na kupata hamu ya kula kuliko ilivyotarajiwa. Miaka michache baadaye huko Uswisi, daktari wa akili Roland Kuhn alijaribu dawa ya imipramini kwa wenye skizofrenia, haikuwafaa. Akawapa wenye sonona, wakainuka. Nadharia ya upungufu wa kemikali ilijengwa juu ya matokeo kama hayo, na fluoksetini, dawa ya sonona inayoongeza kazi ya serotonini, iliporuhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987, ikawa maarifa ya kila mtu. Lakini swali lilikuwepo tangu mwanzo: dawa hubadilisha kemikali ndani ya saa chache, mbona nafuu huchukua wiki? Mwaka 2022 mapitio ya tafiti yaliyofanywa na wataalamu wa London hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na serotonini kuwa chini. Wapo wagonjwa waliosikia habari hiyo wakataka kutupa vidonge. Waelezeni kwa utulivu kwamba nadharia ya chanzo ikianguka, nafuu waliyoipata haifutiki.

Mimi humwambia mgonjwa hivi: hakuna sababu moja. Urithi, kufiwa, maisha magumu, kujifungua, maradhi ya mwili, pombe, vyote vinaweza kuchangia. Njia za kukusaidia ni zaidi ya moja; ya kwanza isipofaa, tutashika nyingine.

Kuna sura moja ya historia hii ambayo huniuma, na naomba muisome mara mbili. J. C. Carothers, daktari wa enzi ya ukoloni aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari jijini Nairobi, aliandika katika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Alihesabu walioletwa hospitalini, na walioletwa walikuwa hasa wale waliosumbua watu. Mwenye sonona hukaa kimya nyumbani. Mtafiti Margaret Field alipokwenda kwenye madhabahu za waganga huko Ghana, aliwakuta wanawake wengi wenye sonona, wakijishutumu wenyewe kwa uchawi. Kwa hiyo usipomwona mgonjwa kliniki, usiseme hayupo. Na anayerudi kila mara na kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi, vipimo vyote vikiwa safi, muulize kama bado kuna jambo linalompa raha.

Tiba ya mazungumzo pia imesafiri mbali tangu daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, alipoanzisha yake ya kubadili fikra miaka ya 1960. Nchini Uganda, vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi vilipunguza sonona waziwazi, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Zimbabwe, Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kusikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki, na utafiti wa mwaka 2016 ukaonyesha inafaa. Mshauri asiye daktari si mbadala wa kubahatisha, mheshimuni.

Kabla ya kuandika dawa, uliza kama amewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki; huenda ni bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrudisha kwenye kuchangamka huko. Uliza pombe, pima tezi ya thairoidi na damu. Mweleze kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, na akipona aendelee angalau miezi 6, asikatishe ghafla. Muulize kuhusu kujiua kwa maneno ya wazi; swali halimpandikizii wazo hilo, na wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akiwa chini ya miaka 25, mawazo hayo yanaweza kuongezeka wiki za mwanzo za dawa, basi usimpe tarehe ya mwezi ujao. Mwone ndani ya wiki moja, na mtu wa nyumbani ajue ampigie nani usiku.