Kabla hujanunua rimoti ya kuprogramu, angalia kwanza vifaa vyako vinasikia nini

Mama alikuja kukaa kwangu miezi mitatu akitibiwa mguu, na kila ikikaribia saa mbili usiku naitwa, "Baba, hebu njoo niwekee taarifa ya habari." Mezani kulikuwa na rimoti tatu, ya TV, ya king'amuzi na ya sabufa, alafu na kale ka kibodi kadogo kasiko na waya, maana nina kompyuta ya zamani nimeiunga kwenye TV kwa HDMI tunaangalizia muvi kwa Kodi, ile programu ya kuchezea muvi. Mama WhatsApp anaitumia vizuri tu, simu inamtii, ila huo mzigo wa mezani ulimshinda na si kosa lake hata kidogo, mtu hatakiwi kukariri vitu vinne ili asikilize habari. Ndo nikaanza kutafuta rimoti moja ya kuendesha vyote na nikapoteza hela njiani, so nawaandikia ili nyie msipoteze.

Ya kwanza nilinunua Kariakoo kwa elfu 5, zile zinazokuja na karatasi ya kodi, yaani namba za kila jina la kifaa, unatafuta jina la TV yako unaingiza tarakimu nne. TV ilikubali mara moja. King'amuzi kikakubali nusu, namba za chaneli zinaingia ila OK haifanyi kitu, na sabufa haikuwepo kabisa kwenye karatasi, na kusema ukweli hizi sabufa zetu sidhani kama utazikuta kwenye karatasi yoyote, kila mzigo ukiingia unakuja na jina jipya. Kwahiyo swali la kumuuliza muuzaji si "inakubali TV gani", muulize "hii inajifunza?" Rimoti inayojifunza haihitaji kujua jina la kifaa chako, inanakili mwanga wa rimoti yako ya zamani basi.

Kuifundisha ni hivi, unalaza rimoti mbili mezani vichwa vinatazamana, kati yake pabaki kama upana wa vidole viwili, unashikilia kitufe cha LEARN mpaka taa iwake bila kukatika, unabonyeza kitufe cha rimoti mpya unachotaka kukifundisha, alafu unabonyeza kile cha zamani. Taa ikipepesa imeshika, unaenda kinachofuata. Weka betri mpya pande zote mbili na kaa mbali na dirisha lenye jua kali, mi saa saba mchana ilikuwa inakataa kataa nikahamia chumbani pazia limefungwa ikashika vyote. Na usisubiri rimoti ya zamani ife ndo uanze, ikishakufa hamna mwalimu tena.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaumia, rimoti inajifunza mwanga wa infraredi tu, ule usioonekana kwa macho. Kuna vifaa havisikii mwanga, vinasikia Bluetooth, kama Fire TV Stick (kile kijiti cha Amazon cha kuchomeka kwenye TV) na boksi nyingi za Android, na rimoti ya kujifunza isiyo na Bluetooth yake haitaviendesha. Kupima ni rahisi, fungua kamera ya mbele ya simu, elekezea pua ya rimoti, bonyeza. Ukiona kitaa cheupe au cha zambarau kinamwekamweka kwenye kioo, hiyo ni infraredi. Bonyeza mishale, usibonyeze sauti wala pawa, kwa sababu rimoti ya Fire TV Stick inatuma sauti kwenye TV kwa infraredi ila mishale inaenda kwa Bluetooth, utadanganyika.

Kompyuta nayo kwa kawaida haina jicho la infraredi. Mi niliagiza Flirc, ni kidude cha USB unakichomeka, unafungua programu yake, unaiambia "kitufe hiki kiwe mshale wa juu, hiki kiwe Enter, hiki Backspace", na kompyuta inakiona kama kibodi ya kawaida. Ninachokipenda ni kwamba mpangilio unakaa ndani ya kidude chenyewe, hata ukikihamishia kompyuta nyingine kinafanya kazi bila kuinstall kitu. Kwenye Kodi nilihitaji mishale, Enter, Backspace ya kurudi nyuma, Space ya kusimamisha na X ya kuzima muvi, vitufe nane tu vinatosha.

Ukienda kwenye zile zenye makro, yaani kitufe kimoja kinawasha vyote kwa mpigo, kuwa makini sana kwa mazingira yetu ya umeme kukatika. Pawa ya rimoti nyingi ni ile ile kuwasha na kuzima, so umeme ukirudi TV inabaki imezima king'amuzi kimejiwasha, ukibonyeza makro TV inawaka king'amuzi kinazima, na mzee wako anakuita tena. Tafuta rimoti au kodi zenye kuwasha peke yake na kuzima peke yake, ukikosa usiweke pawa kwenye makro, weka chaneli na sauti tu, na acha sekunde kadhaa TV iamke kabla ya amri inayofuata. Rimoti za Logitech Harmony za mtumba zinasifiwa sana kwa mambo haya ila kampuni iliacha kuzitengeneza 2021, na kuziprogramu kunategemea seva zao, mi nisingeweka hela yangu hapo.

Na kabla ya yote ingia settings za TV uwashe CEC, yaani vifaa vilivyoungwa kwa HDMI kuendeshana, Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Unaweza kukuta rimoti ya TV inaendesha na boksi bure, ila kompyuta nyingi hazina hiyo.

Kwa mama, kwenye rimoti ya kujifunza, nilibandika kipande cha plasta nyekundu kwenye kitufe cha habari. Siku anarudi Tanga akaniuliza kama hiyo rimoti inaweza kufundishwa na king'amuzi cha kwake, nikampa aende nayo. Kufika kule akabadilisha betri, vyote vikafutika. Kwahiyo nilivyoenda kununua nyingine nilifundisha kitufe kimoja pale pale dukani, nikatoa betri, nikapiga stori na muuzaji dakika kumi, nikarudisha betri nikabonyeza. Ikakumbuka, nikachukua mbili.