Kabla ya Kuchangia Uwanja wa Kijijini, Tafuteni Mpaka Wake

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Kayole. Yeye na watu wa kijiji chao walio hapa Nairobi wamefungua kikundi cha WhatsApp, wameanza kuchanga, na wanataka kuwajengea vijana wa nyumbani uwanja wa kisasa. Anauliza waanze na jukwaa la watazamaji au waanze na magoli.

Dada yangu, msianze na jukwaa wala magoli. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wenzako ni wengi, kuanzia Umoja hadi Kawangware, na kila Desemba wanapanda basi la kwenda nyumbani na ndoto kama yako. Siku hizi Nairobi nzima inazungumza viwanja kwa sababu ya AFCON 2027, na mtu akiona uwanja mpya wa Talanta anatamani kijiji chake nacho kipate chake. Nawaelewa kabisa. Mwezi uliopita, kwenye uwanja wetu kule Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, palifanyika mashindano ya wasichana kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nilisimama kando ya mstari nikipiga vigelegele hadi sauti ikanikauka. Nina fahari na uwanja ule, na nitaueleza kwa kirefu.

Ni uwanja wa zamani. Wazee walipiganishia fahali pale, vijana wakacheza mpira, na ngoma ya isukuti ililia pale kila palipokuwa na sherehe. Lakini ulikuwa unapungua mwaka baada ya mwaka. Upande wa juu vibanda vya soko vilisogea. Upande wa chini jirani mmoja alipanda mikaratusi, safu baada ya safu, mpaka kona nzima ikamezwa. Vijana wakaihamisha kona wakaendelea kucheza, kana kwamba hakuna kilichopotea.

Kikundi chetu cha Nairobi kilitaka magoli ya chuma na jezi. Mimi nikashikilia kwamba shilingi haitoki mpaka tujue uwanja ni wa nani. Nilitukanwa. Mmoja aliandika kwamba nachelewesha ili nizile pesa. Mwingine, tena wa ukoo wetu, tuliyelelewa jiko moja, akasema natafuta kuteuliwa katika bunge la kaunti. Hayo maneno bado yananiuma. Aliyeyasema alikuja kwenye mashindano, akapiga picha nyingi, akaondoka bila kuniambia hata pole.

Basi tulikwenda ofisi ya ardhi. Tulilipia nakala ya ramani ya mipaka, tukaomba rekodi ya kiwanja, na ikaonekana kwamba kipande chote, pamoja na palipo na mikaratusi, kimetengwa kwa matumizi ya umma. Chini ya Katiba ya 2010, ardhi ya aina hiyo hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi. Chifu akaitisha baraza. Savea, yaani mpima ardhi, akarudisha bikoni, vile vigingi vya mpaka, mchana kweupe, watoto wakimfuata kutoka kona hadi kona, na jirani akapewa muda wa kuvuna miti yake. Aliivuna. Tungetangulia kusimika magoli, tungeyasimika kwenye uwanja uliokatwa, na kile kipande kisingerudi tena.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo, na wa pili ni huohuo: mpaka kwanza.

Baada ya hapo pesa nyingi ziliishia kwenye mitaro. Kakamega hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na uwanja usiotoa maji hugeuka matope hata ukipandwa nyasi gani. Katikati tumepainua kidogo ili maji yateremke pande zote mbili, na upande wa juu kuna mtaro unaoyakata maji ya barabarani kabla hayajaingia. Wafadhili hawapendi kupigwa picha na mtaro, lakini bila huo mengine yote ni kazi bure. Ukubwa usiwatishe pia. Sheria za mpira zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Wetu ni 100 kwa 64, na pembeni bado tulipata nafasi ya voliboli, ambayo inahitaji mita 18 kwa 9 tu pamoja na nafasi ya kuzunguka. Magoli tuliyachomelewa na fundi wa jua kali, miguu yake tukaizika ndani ya zege maana vyuma chakavu vina soko. Nyavu hukaa kwa mama anayeuza mandazi pale kando. Yeye huzitoa mechi ikianza, na ikiisha huzikunja na kuzirudisha chini ya meza yake.

Sasa nije kwa wasichana. Wazee walituambia hawachezi kwa sababu wanaona aibu. Niliketi nao mwenyewe nikawauliza, wakanijibu kwamba hakuna choo. Kilichokuwa karibu kilikuwa nyuma ya soko, na mlango wake uling'oka zamani. Kwenye orodha ya kikundi, iliyoandikwa na wanaume watupu, choo hakikuwepo kabisa. Tulijenga vyumba viwili vyenye komeo imara kwa ndani, ndoano ukutani ya kutundikia nguo, na tangi la maji nje. Timu ya wasichana ilianza mazoezi muhula huohuo. Kwa hiyo wewe uliye Nairobi, kabla hujaandika orodha, waulize wale ambao hawaji uwanjani. Wanaokuja tayari watakuomba jezi.

Wazee nao wasisahaulike. Isukuti ya jamii za Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ilhali kwetu ngoma zilikuwa zikilala jikoni kwa mtu, ngozi zikilegea kwa unyevu. Tumewapa ghala kavu lenye rafu, kando ya vyoo. Fahali hawaingii tena kwenye nyasi. Wana alfajiri yao na sehemu yao, palepale ilipokuwa mikaratusi, baada ya vijana kung'oa visiki. Usafi tuliiga kwa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanzishwa 1987, ambacho huzipa timu pointi kwa kusafisha mtaa. Kwetu timu isiyokuja kuzibua mtaro hukatwa pointi, na hakuna kubembelezana.

Na tuache kulalamika kwamba serikali haituoni. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya michezo, utamaduni, maktaba na viwanja vya burudani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imetaja tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Anayekwenda kuomba uwanja mwezi Juni amekuta sahani zimeshaoshwa. Nendeni kwenye vikao vya maoni mkiwa na ramani, kumbukumbu za baraza na sahihi za wakazi. Mwakilishi wadi akiona bikoni zimesimama na kamati inazibua mtaro wake yenyewe, ni vigumu kukataa.

Sisi mwaka huu tunaomba paa la kuchezea isukuti wakati wa mvua, na chumba kimoja cha vitabu. Barua iko kwa katibu, imebaki sahihi za wazee wawili.