Taa kwanza: kwa unayeanza kukuza mboga na viungo ndani ya chumba

Wengi wanaoanza kukuza mimea ndani ya chumba huulizia mbolea kabla ya kitu kingine chochote. Nawaelewa, kwa sababu mbolea ndiyo inayosifiwa sana madukani. Lakini kabla sijajibu huwa nauliza: mmea wako unapata mwanga kiasi gani, na kwa saa ngapi kwa siku? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua maji utakayomwagilia, mbolea utakayotia na hata nafasi utakayoacha kati ya chungu na chungu. Mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga. Mwanga ukiwa haba, mmea unakunywa kidogo na kula kidogo, na chochote utakachoongeza juu ya hapo kinabaki kwenye udongo kikiozesha mizizi.

Tatizo ni kwamba macho yetu hayafai kupima mwanga. Yanajirekebisha upesi mno. Chumba chenye taa za kawaida huwa na luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) mia chache tu, na nje kwenye jua kali la mchana zinafika 100,000, lakini ukiingia ndani dakika mbili baadaye unaona kila kitu vizuri na kudhani kuna mwanga wa kutosha. Kwa hiyo usikisie, pima. Programu ya kupima mwanga kwenye simu haitakupa namba sahihi kabisa, ila inatosha kulinganisha hapa na pale. Chini ya taa nyeupe za LED, saladi inakwenda vizuri ikipata kama luksi 15,000 hadi 20,000 kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Pilipili inataka 30,000 au zaidi. Weka simu palepale majani yalipo, kioo kikitazama juu, kisha pima katikati ya meza na kwenye pembe zake. Utashangaa pembe zinavyopungukiwa. Hapo utajua kwa nini miche ya ukingoni daima inainamia katikati.

Unaponunua taa, usitazame maandishi makubwa ya kwenye boksi yanayodai kwamba inalingana na wati elfu moja. Tafuta wati inazotumia kweli, zile utakazolipia umeme. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 14 inatumia uniti 1.4 kwa siku, yaani uniti 42 kwa siku 30. Piga hesabu hiyo mapema ili bili isije kukukatisha tamaa mimea ikiwa nusu njia. Kuhusu rangi, mimi nashauri nyeupe. Taa za zambarau zinakuza mimea, hilo sibishi, lakini chini yake huwezi kuona jani likianza kugeuka njano, na kuona mapema ni nusu ya kazi yenyewe.

Umbali wa taa na mimea unapangwa kwa kipimo, halafu mmea wenyewe unakuambia kama umepatia. Shina likirefuka na kuwa jembamba, majani yakiwa mbalimbali, shusha taa. Majani ya juu yakipauka au kujikunja kingo huku ya chini yakiwa mazima, ipandishe. Funga swichi ya saa inayowasha na kuzima yenyewe, kwani mpangilio wa mwanga na giza usiobadilika una faida kuliko saa nyingi za leo zikifuatwa na chache za kesho. Na giza lisionewe. Nyanya ikiangaziwa saa 24 mfululizo, majani yake yanageuka njano na kudhoofika. Spinachi nayo ikizidishiwa urefu wa mchana inakimbilia kutoa maua badala ya majani, kwa hiyo ipe saa 10 hadi 12 tu.

Sasa maji. Hapa ndipo mimea mingi ya wanaoanza inapokufa, na karibu yote hufa kwa kuzidishiwa. Mizizi inavuta hewa. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa inakosa nafasi, mizizi inaanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji. Matokeo yake majani yanalegea na kuinama, sawasawa kabisa na mmea wenye kiu. Mwenye mmea anaona majani yamelala, anakimbilia kopo la maji, na anaumaliza. Kabla hujamwagilia mmea uliolegea, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kikitoka na unyevu, weka kopo chini.

Njia bora zaidi ya kidole ni kuinua chungu. Mwagilia polepole mpaka maji yachuruzike matunduni, subiri yaishe, kisha kiinue kwa mikono miwili uuhisi uzito wake. Kiinue tena kesho, na keshokutwa. Kikiwa chepesi wazi, kama vile kimebaki plastiki na udongo mkavu tu, mwagilia. Mkono unazoea upesi, na ukishazoea huhitaji ratiba ya kila siku jioni ambayo watu wanapenda kujiwekea. Ratiba haijui kama jana feni iliwaka au mmea umeongeza majani manne. Maji yaliyojikusanya kwenye kisahani uyamwage, usiache chungu kimekaa ndani yake.

Chungu lazima kiwe na matundu, na udongo wa bustanini usiutie ndani ya chungu. Shambani ni mzuri, lakini chunguni unashikamana ukawa kama tofali, tena unaingia na mayai ya wadudu. Changanya kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) au mboji iliyoiva vizuri sehemu tatu na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba) sehemu moja. Mchanganyiko huo unashika unyevu na bado unaacha hewa ipite.

Mbegu hazina mambo mengi. Za saladi zifunike kwa udongo kiduchu tu kwa sababu nyingi huota vizuri zikiona mwanga, na usizipandie kwenye joto la kupita nyuzi 27 maana zinalala. Pilipili ni kinyume chake: inapenda joto la nyuzi 25 hadi 30, na inaweza kuchukua hata wiki tatu kuchomoza, basi usifukue udongo kuchungulia. Cha kuogopa ni kinyausi. Unaona miche imesimama vizuri jioni, asubuhi mmoja umelala, shina lake limesinyaa pale linapogusana na udongo. Vimelea vinavyosababisha ugonjwa huu, kama Pythium na Rhizoctonia, vinapenda udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Mche ulioanguka hauinuki tena, uondoe pamoja na udongo unaouzunguka. Kinga yake ni vyombo vilivyooshwa, mbegu zisizobanana, kumwagilia kwa kuloweka chungu kutoka chini, na hewa inayotembea.

Hiyo hewa inastahili maneno zaidi, kwa kuwa feni ndiyo kifaa ambacho wanaoanza hukiona anasa. Tazama saladi iliyokua chumbani bila upepo: majani ya nje mazuri, lakini ukifunua yale machanga ya katikati unakuta ncha zimeungua na kuwa kahawia. Mtu anasoma kwamba ni upungufu wa kalsiamu, anaongeza kalsiamu, na ncha zinaendelea kuungua. Kalsiamu ipo udongoni tangu mwanzo. Ila inasafiri na maji, na maji yanapanda kwenye jani kadiri jani linavyotoa mvuke. Katikati ya saladi hewa imetuama na ina unyevu mwingi, mvuke hautoki, kalsiamu haifiki. Feni ndogo inayotikisa majani taratibu ndiyo dawa. Zaidi ya hayo inaimarisha mashina na kupunguza ukungu. Isipulize kwa nguvu moja kwa moja kwenye miche, inatosha majani yacheze.

Mbolea nimeiweka huku nyuma kwa makusudi. Mbegu inakuja na akiba yake, kwa hiyo subiri mpaka majani halisi yatokee, yale yanayofuata vijani viwili vya mwanzo. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Ukiona majani ya chini, yaliyokomaa, yanageuka njano yote, huenda nitrojeni imepungua, kwa maana mmea unaitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye mapya. Njano ikianzia kwenye majani machanga, mishipa ikibaki kijani, fikiria chuma. Mara nyingi chuma kipo, ila pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, imepanda na mizizi haiwezi kukichukua, kwa hiyo pima pH kabla ya kuongeza chochote. Kwenye udongo wa chungu lenga 6.0 hadi 6.8, kwa anayekuza kwenye maji bila udongo, 5.5 hadi 6.5. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, chumvi za mbolea zimerundikana: pitisha maji matupu mengi mpaka yatoke chini.

Kuhusu umeme, naomba nisikike vizuri. Uko karibu na maji kila siku. Kila waya uutundike ushuke chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda tena, ili tone likiteremka na waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Ekstensheni isilale sakafuni, na chomoa kabla ya kumwagilia.

Wadudu watakuja hata ndani. Mmea mpya kutoka nje utenge wiki mbili kabla ya kuuchanganya na mingine. Geuza majani uangalie upande wa chini: vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba ni utitiri, anayependa hewa kavu yenye joto, vidukari hujazana kwenye machipukizi. Vijinzi vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo maana yake unamwagilia kupita kiasi. Acha tabaka la juu likauke na weka karatasi za njano zenye gundi.

Kwa mara ya kwanza panda rihani na saladi. Nyanya iache kwanza, inataka mwanga mwingi na nafasi kubwa. Rihani ikifikisha jozi tatu nne za majani, kata shina juu kidogo ya jozi, usichume jani mojamoja. Ukitazama kwa karibu utaona vichipukizi viwili vidogo vimejificha kwenye kwapa za majani hayo mawili. Ukishakata, vyote viwili vinakuwa matawi. Na ukiongeza chungu kimoja cha pilipili, ua lake lina sehemu zote mbili, dume na jike, ila humo ndani hakuna upepo wala nyuki wa kulitikisa. Likifunguka, gonga shina kwa kidole polepole kila siku mpaka uone kitunda cha kijani kikianza kuvimba nyuma ya petali zinazokauka.