Bia ya rai (rye): imeharibika au ndio ilivyo?

SWALI: Anko shikamoo. Nipo Athens, Georgia huku Marekani, mwaka wa tatu sasa. Jumamosi jamaa ninaofanya nao kazi waliniita kuonja bia, kila mtu anakuja na makopo yake alafu tunatoa maksi kati ya 50. Mimi nikaangukia bia ya rai, rangi kama chai ya rangi, ukimeza inakukwaruza kooni utadhani umetafuna pilipili manga. Nikaipa 18 nikasema hii imeharibika, wakanicheka mpaka leo wananiita jaji. Kwani nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulikosea, tena umekosea mji, manake hapo hapo Athens ndio kiwanda cha bia cha Terrapin kilianzia, na bia yao ya kwanza mwaka 2002 ilikuwa ni ya rai, miezi michache mbele ikachukua dhahabu kwenye mashindano ya bia ya Marekani, Great American Beer Festival. Sasa wewe unaenda kuwaambia watu wa Athens rai imeharibika!

Ile pilipili manga ndio rai yenyewe. Ni nafaka ndugu yake ngano, wazungu wanaokea ule mkate mweusi, na kimea chake kikiingia kwenye bia kinaleta ukali fulani na ladha ya mkate, alafu bia inakuwa nzito ina kautelezi. Uchungu ni kitu kingine, huo unatoka kwenye hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na Wamarekani wanazimwaga bila huruma, kwahiyo ukionja tenganisha, uchungu huku ukali kule. Ingekuwa ya Kijerumani, ile roggenbier, ungesikia na harufu ya ndizi mbivu na karafuu, na hakuna mtu katia karafuu humo, ni hamira tu.

Hizo 50 zenu naona mmechukua kwa majaji wa BJCP, chama kinachofundisha na kutahini majaji wa bia. Wao harufu wanaipa 12, muonekano 3, ladha 20, inavyokaa mdomoni 5, alafu 10 za kwa ujumla. Umeona muonekano ni 3 tu? Kwahiyo rangi ya chai isikusumbue. Na 18 kwao ni bia yenye kasoro ya maana, sio bia ambayo wewe hujaizoea. Bia iliyoharibika utaijua, inanuka boksi lililoloa, au siagi ya bisi, au inachachuka kama siki wakati haikutakiwa kuwa chachu. Ulisikia hata kimoja? Hukusema.

Alafu nahisi uliinywa imetoka kwenye barafu, sisi tukishaambiwa "ya moto au ya baridi" tunataka ile inayogandisha meno. Baridi hiyo inaua harufu yote na hapo maksi 12 zimeshakwenda. Itoe friji kama robo saa kabla, mimina kwenye glasi isiyonuka sabuni, nusa povu likiwa bado lipo, piga funda dogo, meza, alafu toa pumzi kwa puani. Hapo ndio rai inajitokeza. Ukiona bado huipendi sawa bana, kata kwenye zile 10 za mwisho, nyingine mpe haki yake.

SWALI: Anko, mie natengeneza bia nyumbani Minnesota. Nilitia nusu rai, uji ukaganda ukagoma kuchujika kabisa, nikamwaga wote. Shida nini?

JIBU: Pole dada, huo mmwago umeniuma na mimi. Rai haina ganda kama shayiri, na inatoa ute, kwahiyo kwenye chujio panakuwa kama umemwaga uji wa ulezi. Anza na rai asilimia 15 au 20, na changanya pumba za mpunga, maduka ya vifaa vya bia huko wanauza, zinaachia nafasi maji yapite na ladha haziharibu.