Mume wangu akae tezi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Roho ikikuchafuka safarini, unafanya nini?" Mimi nimeolewa Pemba na wazazi wangu wako Unguja, kwa hiyo swali hili nimelijibu baharini miaka 12, mara nyingi nikiwa nimeinamia mfuko.

Mwanzo nilifuata ushauri wa kila mtu: usile kitu. Nikapanda boti na njaa, tena wakati wa upepo wa kusi. Tulipofika mkondo wa Nungwi, pale kisiwa cha Unguja kinapoishia na bahari wazi kuanza kuichezea boti, nikatapika nyongo tupu. Hakuna kutapika kunakouma kama huko. Siku hizi nakula mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, kidogo tu, saa moja kabla. Vya mafuta nitavikuta nikishuka bandari ya Mkoani, Pemba.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa simu. Nilidhani nikitazama video nitajisahau, kumbe ndipo mambo yanapoharibika: macho yanaona kitu kilichotulia, sikio la ndani linahisi tunapanda na kushuka, ubongo haujui umsadiki nani. Ndiyo maana dereva wa Coaster ya Mombo kwenda Lushoto hana habari na zile kona za mlimani, ilhali abiria wa kiti cha nyuma ameshabadilika rangi. Dereva anaiona kona kabla mwili wake haujaihisi. Kwa hiyo garini naomba kiti cha mbele. Botini nakaa katikati, chini, maana omo, yaani mbele ya boti, ndiyo inayorushwa zaidi, kisha nakaza macho kule bahari inapokutana na mbingu.

Limau nalinusa. Sidai kwamba linatibu, ila linaishinda harufu ya dizeli na ya jirani. Tangawizi natafuna. Vidonge vya sinarizini vinanisaidia, lakini vimezwe kama saa mbili kabla ya safari. Ukingoja mpaka utapike, vitatoka na chai. Vinaleta usingizi, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

Ninachokosa dawa yake ni mume wangu, mtoto wa mvuvi, ambaye hajachafukwa hata siku moja. Hununua samaki wa kukaanga bandarini, akaja kukaa ubavuni pangu, na kifurushi hakifungui mpaka tuwe tunaipita Nungwi. Nimeshamwambia akae tezi, kule nyuma kabisa ya boti.