Wifi Yako Hana Kosa

Shangazi, nimetoka Mwanza kuja Dar es Salaam kufanya fildi redioni, dawati la michezo. Nakaa Mbagala kwa kaka. Wifi amenichoka. Geti anafunga saa nne, vyombo naachiwa mimi, juzi ameomba namba ya bosi wangu kama vile mimi mtoto. Jumapili nilikuwa Uwanja wa Mkapa kwenye mechi ya saa kumi, nikarudi saa sita usiku kwa lifti ya kaka mmoja wa ofisini. Wifi akanisema hadi majirani wakasikia. Nimwambie kaka amkanye mkewe, au nikapange Sinza na rafiki yangu?

Pole, mwanangu. Ugeni wa Dar unachosha. Ila barua yako nimeirudia, na niliyemwonea huruma ni wifi yako.

Tuanze na saa. Mechi ya saa kumi huisha kabla ya saa kumi na mbili. Weka makocha kuongea na waandishi, weka na wewe kutuma habari yako, saa moja na nusu umemaliza. Ukitembea hadi Kilwa Road ukapanda daladala ya Mbagala, hata foleni iwe mbaya vipi, saa tatu uko nyumbani unakula. Wewe umeingia saa sita. Hizo saa tatu hujazieleza, na huyo wa lifti umempitisha haraka haraka. Wifi yako ameona hayo hayo ninayoyaona mimi, tena akiwa macho anakungoja.

Huyo kaka wa lifti simhukumu, simjui. Lakini binti wa fildi hana mkataba wala mshahara, anangoja kusainiwa ripoti ya chuo, na wenye nia mbaya hupenyea hapo hapo. Mtu akikwambia nafasi utaipata ukimkubali, hiyo ni rushwa ya ngono. Imo kwenye sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU wapo kwa ajili hiyo. Wifi kutaka namba ya bosi wako si dharau. Anataka pa kupiga siku usiporudi, maana mama yako Mwanza atamuuliza yeye.

Vyombo? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fildi haina hela, najua, lakini mikono unayo. Katika barua nzima sijaona ulipoandika kwamba umenunua hata sabuni.

Kumshitakia kaka, usithubutu. Ndoa ngapi za siku hizi zimekufa kwa maneno ya ndugu! Mume anarudi amechoka, dada anamnong'oneza sebuleni, usiku anamgombeza mkewe kwa kesi aliyoisikia upande mmoja. Mke ananyamaza, mwisho anauchukia ukoo mzima. Zamani watu waliitwa mkekani, kila mmoja akasema lake mbele ya mwenzake. Leo kesi inaanzia WhatsApp na hukumu inatoka huko huko, kisha tunasema wanawake wa sasa hawataki ndugu wa mume. Huyu wako amekupokea, amekupa kitanda, anakufungulia geti usiku wa manane. Unataka akaripiwe kwa hilo?

Na Sinza, wenye nyumba wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele. Atakulipia nani? Jibu lake ndilo linalonitisha.

Kazi yako naipenda na nataka uiweze. Chukua ratiba ya Ligi Kuu, ibandike jikoni, mechi za saa moja usiku zitie alama ili wifi ajue mapema. Siku hizo kaka akutafutie bodaboda anayemfahamu. Asubuhi nenda Msimbazi na Jangwani, uzoeane na watu wa Simba na Yanga kabla hujahitaji habari yao. Tena wewe umetoka Mwanza, na Pamba Jiji imerudi Ligi Kuu 2024. Wakija kucheza Dar, omba habari yao uandike wewe. Wenzako hapo dawatini hawawajui kama unavyowajua.

Leo ukirudi, osha vyombo kabla hujaambiwa. Kisha kaa na wifi yako, umwombe radhi, umwambie Jumapili ulikuwa wapi. Na namba ya bosi mpe.